Mkate wa Pole

Nyumbani kwetu kuna chakula kimoja ambacho hakipikwi mpaka mtu awe amelia. Ni slesi za mkate zilizochovywa kwenye mayai na maziwa, yenye sukari kidogo na mdalasini, kisha zikakaangwa kwa siagi mpaka zikawa na rangi ya chungu kipya. Najua wengine wanakula hivyo asubuhi na chai, bila sababu yoyote, na siwalaumu, kila nyumba na mambo yake. Kwetu unaliwa jioni, na anayepakuliwa wa kwanza ni yule aliyepatwa.

Mkwe wangu alipodondokewa na tofali akavunjika kidole kidogo cha mguu, alikula slesi sita. Marehemu mume wangu alipoachishwa kazi, alikula tisa, kisha akauliza kama hakuna kazi nyingine anayoweza kufukuzwa. Mjukuu wangu aling'oka jino la mbele siku moja kabla ya kupigwa picha ya darasa, akala nne, akizitafunia upande. Ndiyo maana tunauita mkate wa pole.

Mkate wa pole una sharti moja tu. Mkate wa leo haufai. Wa leo ni laini, ukiuchovya unalegea kama soksi, ukiuinua unabaki na ganda mkononi na mengine yote yako bakulini. Unatakiwa wa jana, uliolala nje ya mfuko mpaka ukakauka kidogo. Huo unakunywa maziwa na bado unasimama. Kumbuka sharti hilo, maana ndilo lililoniumbua.

Binti yangu anaosha mabasi kwenye karakana. Mwaka wa nane huu. Anayajua mabasi yale kwa kikohozi, akiwa jikoni anaweza kukuambia lililopita barabarani ni namba ngapi na linaumwa nini. Lakini hataki kuyaosha, anataka kuyaendesha, na mtihani wa kuendesha alikuwa ameshaufanya mara mbili. Mara ya kwanza aliambiwa arudi nyuma, akaenda mbele kwa ustadi mkubwa sana mpaka kwenye pipa. Mara ya pili aliendesha bila kosa hata moja. Msimamizi akamwambia, vizuri, shuka. Akashuka. Basi nalo likamfuata, maana hakuvuta breki ya mkono. Slesi tano mara ya kwanza, slesi saba mara ya pili.

Hii ilikuwa ya tatu, na karakana yao haitoi ya nne. Akikosa, ni ndoo na brashi mpaka uzee.

Basi siku moja kabla ya mtihani nikasema naenda dukani kununua chumvi. Nikarudi na chumvi, na mkate. Mkate nikauweka juu ya kabati nikaufunika kitambaa chepesi ili upate hewa. Nikajiambia moyoni kwamba kubeba mwavuli si kuomba mvua. Tena nilimwombea sana usiku ule, mkate ukiwa juu ya kabati unanisikia.

Asubuhi aliondoka saa moja. Akasema, "Mama, saa sita nitakuwa nimeshapiga simu." Saa sita ikafika, kimya. Saa nane, kimya. Saa tisa na nusu mkwe wangu akarudi mapema kutoka kwenye ujenzi, yeye ni mwashi, saruji imemkalia kwenye nyusi kama mzee wa miaka tisini.

"Mama, nimepiga mara kumi na moja. Haipatikani."

"Hata mara ya pili haikupatikana," nikasema.

"Ndiyo. Na mara ya kwanza aliizima mwenyewe."

Tukatazamana. Kuna mambo mkwe na mama mkwe hawaambiani, lakini macho hayana adabu. Nikamwambia, "Osha mikono, baba. Mayai yako kwenye kikapu."

Nikaushusha mkate. Yeye akaukata, na kwa kuwa ni mwashi, hawezi kukata kitu kwa kukadiria. Alitandaza uzi juu ya mkate kama anajenga ukuta wa kanisa, slesi zikatoka zote unene mmoja. Nikavunja mayai manne, nikamimina maziwa, mdalasini, sukari, chumvi kidogo sana kiasi cha kubanwa na vidole viwili. Mjukuu wangu alikuwa amekaa kwenye stuli, miguu inaning'inia. Tunamwita Kasuku, kwa sababu ukimpa neno asubuhi, jioni linakurudia likiwa na manyoya.

"Kitendawili," nikamwambia, nisije nikaanza kulia mapema.

"Tega."

"Nimemtia kwenye maji akanenepa, nimemtia kwenye moto akavaa koti."

Akafikiri. "Baba."

"Baba yako akioga ananenepa?"

"Hapana. Lakini anavaa koti."

"Basi nipe mji."

"Nakupa jikoni."

"Jikoni si mji."

"Bibi, mimi ndiko ninakoishi."

Nilipogeuka, mkwe wangu alikuwa ameikandamiza slesi ya kwanza ndani ya bakuli kwa vidole viwili, uso umeinama, anaitazama kama anaizamisha makusudi.

"Unafanya nini?"

"Nasubiri mapovu yaishe, mama. Tofali kavu likikutana na saruji linaifyonza maji yote, kesho ukuta umepasuka. Lazima tofali lilowe mpaka liache kutoa mapovu."

"Huu si wa kujengea."

"Kanuni ni ile ile, mama."

Mapovu yakaisha. Na mkate ukaisha. Akainua vidole, vikatoka na ganda.

"Umeua," nikasema.

"Nisamehe, mama."

Nikamwondoa kwenye bakuli nikampa kazi ya kugeuza. Akaenda chumbani akarudi na mwiko wake wa kujengea, ule wa chuma, ameusugua mpaka unang'aa kama kioo, na nikubali tu, sijawahi kuona mtu anageuza slesi kwa heshima namna ile. Anaichota, anaigeuza, anaigonga kidogo kwa mpini ikae sawa. Siagi ikanguruma. Harufu ikapanda, ikatoka dirishani, ikaruka ukuta wa jirani.

Jirani yetu ni fundi cherehani, tunamwita Mama Sindano, na pua yake ni kali kuliko sindano zake. Slesi ya tatu haijaiva, yuko mlangoni, tepu ya kupimia shingoni, kichwa kimelala upande mmoja kama watu wanaoingia penye matanga.

"Hodi. Poleni sana."

"Pole ya nini?" nikamuuliza.

"Nimesikia harufu. Masikini, mara ya tatu." Akavuta kiti. "Sikai. Nimekuja kulia kidogo tu, nina suruali ya mtu kwenye cherehani."

"Hatujajua bado kama amefeli," mkwe wangu akasema.

"Mmeshaanza kupika."

Akajipakulia.

Tulikuwa na slesi kumi na mbili kwenye sahani, zimepangwa kwa kupishana viungo kama matofali ya ukutani, simu ya mkwe wangu ilipolia. Namba ngeni. Akasikiliza. Akasema ndiyo. Akasema ndiyo tena. Akasema, "Umefanyaje?" Kisha akasema "Sawa, mke wangu," akaishusha simu taratibu, kwa mikono miwili, ndani ya bakuli la mayai.

"Mama, amefaulu."

"Amefaulu nini?"

"Mtihani. Simu yake iliisha chaji. Foleni ilikuwa ndefu, amefanya wa mwisho, kisha mkubwa wao akamwambia alizungushe basi karakana nzima watu waone. Ameazima simu ya mtu. Yuko njiani, dakika kumi na tano."

Nilifurahi. Nataka ijulikane kwamba nilifurahi, nilipiga magoti pale pale mbele ya jiko. Lakini furaha hiyo ilidumu muda wa kupepesa jicho, maana nilipoinua kichwa niliiona sahani. Slesi kumi na mbili. Mwanangu amefaulu, anakuja nyumbani kifua mbele, na atakachokutana nacho mlangoni ni harufu ya mkate wa waliofeli. Atajua kwamba mumewe, na mama yake aliyemzaa, tulikaa tukamzika mchana kweupe, sisi wawili.

"Watatu," akasema Mama Sindano, anatafuna. Kumbe nilisema kwa sauti.

"Asijue," nikasema. "Nyinyi wote, asijue. Fungueni madirisha."

Tukafungua madirisha. Mkwe wangu akaushika mlango akawa anaufungua na kuufunga, anaufungua na kuufunga, kufukuza hewa, mpaka bawaba zikaanza kulia na mtu mmoja aliyekuwa akipita nje akaitikia "Karibu", akidhani ni hodi. Mimi napunga kwa taulo. Mama Sindano akasema dawa ya harufu ni harufu, akatupa kitunguu kizima kwenye siagi. Haikusaidia. Sasa nyumba ikawa inanukia msiba wenye vitunguu.

"Tuzile zote upesi," akasema.

"Umekula nne tayari na bado inanukia," nikamwambia.

Ndipo mkwe wangu akaacha mlango. "Mama, mkate wa pole unapikwa mtu akipatwa. Si lazima awe yeye. Mmoja wetu apatwe."

Nilimwangalia kijana yule nikajua kwa nini nilikubali mahari. "Wewe. Sema ukuta wako umeanguka."

Akaangalia chini. "Hapana, mama."

"Ni uongo tu."

"Ukuta wangu hauanguki hata kwa uongo. Wafanyakazi wenzangu wakisikia itakuwaje? Niseme nimepoteza timazi." Timazi ni kile kijiwe cha chuma kwenye uzi, wanachopimia ukuta kama umesimama wima.

"Nani analia kwa ajili ya timazi?"

"Mimi ningelia."

Kabla hatujakubaliana, tukasikia viatu vyake vya mpira kwenye kokoto. Nikakamata slesi nikaijaza mdomoni mwa Kasuku. "Tafuna, usimeze," nikamnong'oneza. Mtoto akatafuna.

Binti yangu akasimama mlangoni. Alikuwa amevaa ile ovaroli ya bluu, begi lake kubwa begani, uso unawaka kama taa za mbele za basi. Akafungua mdomo atuambie. Kisha pua ikafanya kazi yake, mdomo ukafunga.

"Nani kapatwa?"

"Mimi," tukasema. Sote watatu, kwa pamoja, kama wanakwaya.

Akatutazama mmoja mmoja. "Baba Kasuku, umepatwa na nini?"

"Timazi yangu imepotea."

"Hiyo inayoning'inia kwenye mfuko wako wa nyuma?"

Akaigusa. "Imeonekana," akasema.

"Jirani?"

"Nimekata suruali ya mteja, mguu mmoja mfupi." Hili nadhani lilikuwa kweli, maana alivyolisema alikodoa macho, akashika tepu yake, akaanza kuhesabu kimoyomoyo.

"Mama?"

"Jino," nikasema. "La mwisho huku nyuma."

"Si uliling'oa tulipohamia hapa?"

"Linauma mahali lilipokuwa."

"Kasuku?"

"Nimeambiwa nitafune," Kasuku akasema, makombo yakamtangulia.

Nikaruka nikamkumbatia mwanangu kabla hajauliza lingine, nikamwambia hongera, mumewe akamwambia hongera, Mama Sindano akajaribu kupiga kigelegele kikakutana na mkate kooni ikabidi apigwe mgongoni. Tukamkalisha. Nikamwekea slesi mbili, zile nzuri zenye koti sawasawa, nikaona jambo limepita. Akauma. Akatafuna polepole, kichwa ameinamisha, kama anavyosikiliza injini.

"Mtamu," akasema. "Umesimama vizuri."

"Asante," nikasema.

"Timazi ilipotea lini?"

"Leo mchana," akasema mumewe.

"Suruali?"

"Leo saa tisa," akasema Mama Sindano, sauti ndogo.

"Na jino, mama?"

"Leo. Asubuhi. Ulipotoka tu."

Akaigeuza slesi, akaibonyeza katikati kwa kidole, ikabonyea na kurudi. "Mkate wa leo usingesimama hivi. Ungelegea. Wewe mwenyewe ndiye ulinifundisha, nikiwa na umri wa huyu Kasuku." Akairudisha sahanini. "Huu ni mkate wa jana. Nani alijua jana kwamba leo atapatwa?"

Kitunguu tu ndicho kilikuwa kinaongea kwenye kikaango.

Kasuku akameza. "Bibi aliununua alipoenda kununua chumvi," akasema. "Na chumvi ilikuwepo."

Nimefika umri wa kuficha mambo mengi, lakini usoni pa mwanangu sikupata pa kujificha. Nilikuwa nimeandaa maneno ya mwavuli na mvua, yote yakanikimbia. Nikakaa.

"Ni mimi," nikasema. "Si kwamba sikukuamini. Niliamini. Ila mkono ulitoka kabla ya moyo, ukaenda dukani peke yake. Huyu mumeo nilimtuma tu. Na huyu jirani alikuja na pua yake. Nisamehe, mwanangu."

Macho yake yalijaa maji, na mimi nikafikiri, haya sasa, siku ya furaha yake mama yake kamliza, tena kwa mkate wa kufariji. Mkwe wangu alikuwa anautazama mwiko wake kama aliyefumaniwa.

Binti yangu akalivuta begi, akaliweka juu ya meza. Akatoa kitambaa chake cha kazini, kimefungwa kwa mafundo. Akafungua fundo la kwanza, la pili. Ndani mlikuwa na mkate. Akaugonga mezani. Ko, ko, ko.

"Wangu ni wa juzi," akasema.

Tukautazama.

"Niliununua juzi jioni, nikauficha karakana, kwenye kabati la sabuni. Nikasema nikikosa nisiwasumbue kwenda dukani. Leo nimefanya nao mtihani, ulikuwa chini ya kiti." Akaingiza mkono tena, akatoa kopo la plastiki lililojazwa vipande vya sponji ya kuoshea magari. Katikati ya sponji mlikuwa na mayai manne, meupe, hakuna lenye ufa. "Na haya nayo yalikuwa chini ya kiti."

"Uliendesha basi una mayai chini ya kiti?" akauliza mumewe.

"Ndiyo maana nikafaulu. Kila nikigusa breki nawaza, mayai. Kona, mayai. Kurudi nyuma, nikarudi kama nambembeleza mtoto asiamke. Nikavuta breki ya mkono mara mbili, moja ya basi, moja ya mayai. Msimamizi hakujua kitu." Akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua, akasoma kwa sauti ya msimamizi: "Mtahiniwa anaendesha kama amebeba mayai."

Mama Sindano ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka tepu ikamkaba. Mkwe wangu akacheka bila sauti, mabega tu, saruji ikimdondoka kwenye nyusi. Mimi nilikuwa nalia, nacheka, sijui kipi kilitangulia, na binti yangu amelaza kichwa begani kwangu anatikisika, ananiambia katikati ya kicheko, "Mama, wewe ulinikosea imani siku moja tu. Mimi nilijikosea siku mbili."

"Sasa huu wa juzi tutaufanyaje?" Mama Sindano akauliza alipopata pumzi. "Huo hata panya atauomba radhi."

Nilijaribu kuukata, kisu kikateleza. Nikakichovya kipande, kikatoka kikavu ndani kama nilivyokitia. Ndipo mkwe wangu akakohoa kidogo, kile kikohozi cha mwanamume aliyesubiri zamu yake.

"Mama, ukiniruhusu. Huo unatakiwa ulowe mpaka uache kutoa mapovu."

Nikampa bakuli. Akaitoa simu yake kwanza, akaifuta. Akatandaza uzi, akakata kwa msumeno wake mdogo, akazamisha slesi moja moja, vidole viwili, uso umeinama, na sisi sote tukainama naye kutazama mapovu yakipanda, mengi, kisha machache, kisha moja, kisha basi. Akachota kwa mwiko. Slesi ikasimama. Ilipoiva ilikuwa laini ndani kama maziwa mgando na koti lake linapiga kelele ukiuma, na mpaka leo mkwe wangu huyo akipita jikoni na kuniona nimeshika mkate wa jana, anatikisa kichwa kwa huruma.

Tukala wote, hakuna aliyepatwa. Ilikuwa mara ya kwanza katika nyumba ile. Kwa desturi anayepakuliwa wa kwanza ni mwenye msiba, tukabishana nani apewe, mwishowe Mama Sindano akapewa kwa ajili ya suruali.

Binti yangu alikula slesi kumi, rekodi ya babu yake Kasuku ikavunjwa. Alipopangusa midomo nikaona niifunge jioni vizuri.

"Kitendawili," nikasema.

"Tega," wakajibu wote.

"Jana kakauka, leo kalowa, kawaumbua watu wazima."

Kasuku akaniangalia, mashavu yangu yalikuwa bado yana maji, na ncha ya taulo iko mkononi.

"Bibi," akasema.

Nikafikiri nimkatalie. Sikupata pa kushika, nikampa slesi yangu ya mwisho.